Masizi na Kiini cha Yai

Mwalimu Agbeko hakujua anaomba nini siku alipowaambia wanafunzi wake wa sanaa walete vitu vya nyumbani vya kuchora. Alikuwa mtu wa Keta, kule pwani ya mashariki ya Ghana, na hapa kwetu Mampong, katika nchi ya Waasante, alikuwa hajamaliza hata mwaka. Kusalimia alishajua, kumeza fufu, lile bonge la muhogo uliotwangwa, bila kutafuna alishajua, hata akitukanwa kwa Kiasante alishaanza kuelewa. Lakini kuna mambo yetu mengine ambayo mgeni hayajui mpaka ayakanyage.

"Nataka vitu vilivyoishi na watu," alisema huku akitembea kati ya meza. "Msiniletee chupa za soda. Na atakayeniletea maua ya plastiki nitamchora yeye, nimpachike masikio ya punda."

Wakacheka, wakaleta. Pokuaa, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alileta asanka la mama yake, lile bakuli la udongo la kusagia pilipili, na ndani akatia mabilinganya meupe. Mwingine alileta chupa ya mafuta ya mawese, mwingine kipande cha kitambaa cha kente kilichochakaa. Dufie alileta kigoda cha bibi yake.

Hakukiomba. Tuseme wazi, alikiiba, ingawa ulikuwa wizi wa kurudisha. Alingoja mama yake aende sokoni, akakifunga ndani ya kitenge, akajitwika, akavuka barabara mpaka shuleni kwa hatua za mtu anayebeba mayai.

Bibi yake, Nana Sarpomaa, alikuwa mama mkuu wa ukoo wao, mwanamke ambaye zamani akikohoa tu uani wajomba walizima redio. Sasa alikuwa ametoka hospitali na hatoki kitandani. Daktari alisema moyo umechoka lakini bado una kazi ya kufanya, kwa hiyo bibi ale, atembee, akae juani. Yeye alikula vijiko viwili vitatu, akageukia ukuta. Nyumba nzima ikawa inatembea kwa ncha za vidole. Watu walinong'ona jikoni kama wezi. Habari za mazishi, ambazo kwetu ndiyo mazungumzo ya kila mwisho wa juma, zilipigwa marufuku kabisa. Likija tangazo la msiba lenye picha ya marehemu, Konadu, mama yake Dufie, alilisokomeza chini ya godoro kabla Nana hajaliona.

Na kigoda kilikuwa kimelazwa ubavu ukutani, kama kinavyolazwa mwenyewe asipokikalia, ili asije akakikalia asiyeonekana na asiyealikwa.

Kilikuwa kigoda cheupe. Si weupe wa rangi, bali weupe wa kusuguliwa. Kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi, kilisuguliwa kwa mchanga na ndimu mpaka mishipa ya mbao ikajitokeza juu. Tangu Nana augue, aliyekisugua ni Dufie. Alikijua kila mkunjo na kila kovu. Alitaka sana kukichora, na ukweli ambao hakujiambia hata yeye mwenyewe ni kwamba alitaka kukichora kabla.

Kabla ya nini, hakumalizia.

Kazi waliyopewa ilikuwa mchoro wa vitu tuli kwa zana mchanganyiko, na ndiyo iliyokuwa ihesabiwe kwenye mtihani wa mwisho. Mwalimu Agbeko alipanga vitu juu ya meza mbili zilizounganishwa: kigoda katikati, kente imeanguka kutoka pembeni yake, asanka mbele, chupa ya mafuta nyuma ambapo mwanga wa dirishani uliifanya iwake. Kisha akawaambia wasahau penseli peke yake. Wachane magazeti, wabandike kwa gundi ya unga wa muhogo. Wapake udongo mwekundu wa nyuma ya choo cha walimu. Wajaribu kakao, buluu ya kufulia, mkaa wa jikoni.

"Na wino mweusi, Mwalimu?" aliuliza Dufie. Chupa ya wino ya shule ilikuwa imekauka tangu muhula uliopita.

"Wino unatengenezwa," alisema Mwalimu, na macho yakamng'aa, maana hapo ndipo alipopapenda. "Wachoraji wa kale wa Ulaya walichanganya rangi zao na kiini cha yai. Mpaka leo hazijabanduka. Sisi tutachukua masizi ya taa, tutachanganya na kiini cha yai. Mtaona weusi ambao hamjapata kuuona."

Wengine wakatazamana, wengine wakatazama viatu vyao.

"Masizi na yai, Mwalimu?" Pokuaa aliuliza taratibu.

"Masizi na yai. Kuna tatizo?"

"Hamna, Mwalimu."

Wangemwambia nini? Weusi huo tumeuona sana, ila hatuutaji. Kwetu kigoda cheupe ni cha mtu aliye hai. Mkubwa akifa kifo chema, kigoda chake hupakwa masizi yaliyochanganywa na kiini cha yai, kikawa cheusi, kikaingizwa kwenye chumba cha waliotangulia, na tangu siku hiyo matako ya mtu hai hayakigusi tena. Mambo hayo yanafanywa na wazee, mlango umefungwa. Mtoto wa shule hawezi kusimama darasani akaanza kuyatoa mdomoni kama anataja mito ya Ghana.

Basi wakachanganya. Na haki ya Mungu ulikuwa weusi mzuri.

Siku iliyofuata ya somo, Alhamisi kipindi cha mwisho, Dufie alikuwa amezama. Ukuta wa nyuma alishaubandika vipande vya gazeti, akavipaka kakao hadi vikawa na rangi ya nyumba yao. Asanka lilishakaa kwa udongo mwekundu. Mkunjo wa kigoda, ule unaopokea mwili kama kiganja, aliuchora kwa mkaa, akaufuta, akauchora tena mpaka akaupata. Kilichobaki ni kivuli cha chini, na bila kivuli kigoda kilikuwa kinaelea tu hewani.

Akasogea mezani na kopo la masizi mkononi, akainama kuchungulia kivuli kinaanzia wapi. Kente ilikuwa imekiziba. Ili apate mkono huru wa kuisogeza, akafanya kile anachofanya mtu yeyote nyumbani kwao akishika kikombe: hukitua mahali palipo karibu. Akatua kopo juu ya kigoda. Akavuta kente.

Kopo lililala bila hata kelele.

Weusi ukatambaa kwenye mkunjo, polepole, mzito, ukaingia kwenye kila mshipa wa mbao alioujua. Meza zikakwaruza sakafu, watu wakarudi nyuma. "Due," Pokuaa akasema, neno tunalompa mfiwa, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Ah, ni mbao tu!" Mwalimu Agbeko akaja mbio na kitambaa. "Mbao inafutika. Msisimame hivyo kama kuna maiti."

"Usifute, Mwalimu!" walipiga kelele, lakini alishaanza, na aliifuta kwa moyo wote, kwa duara, kama anayeng'arisha gari. Alipoinua kitambaa, doa lililokuwa la ukubwa wa kiganja lilikuwa limemeza kiti chote, kutoka pembe hadi pembe, sawasawa kabisa.

Akakiangalia, akainamisha kichwa upande. "Basi tumalizie na miguu," akasema. "Kitapendeza."

"Mwalimu," Pokuaa alisema, "nyamaza kidogo. Tafadhali."

Kisha akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, na wote walimwona mwalimu wao anavyobadilika sura. Alikiangalia kitambaa mkononi mwake kana kwamba kimeanza kupumua.

"Na mwenyewe?" akauliza. "Mwenye kigoda yuko wapi?"

"Nyumbani," Dufie akajibu. "Anaumwa moyo."

Walikipeleka bombani. Walikisugua kwa mchanga, wakasugua kwa ndimu, Mwalimu mwenyewe amekunja suruali hadi magotini. Mchanga ulikula ngozi za vidole vyao. Maji yalishuka ya kijivu, kisha yakashuka safi, na kigoda kikabaki vilevile. Wale wachoraji wa kale wa Ulaya hawakuwa wamedanganya.

Dufie alirudi nyumbani mikono mitupu. Aliomba kitu kimoja tu: kwamba Nana aendelee kutokijali kigoda kama alivyokuwa hakijali majuma yote haya, mpaka yeye apate la kufanya.

Mama yake alimpokea mlangoni, uso umefunguka kama wa mtu aliyepata mtoto.

"Dufie! Umesikia? Nana ameomba kigoda chake! Amesema amechoka kulala, anataka kukaa uani aone watu!" Konadu akamshika mabega, akamtikisa. "Daktari alisema siku atakayotaka kutoka mwenyewe, ndiyo siku amepona. Kilete upesi kabla hajabadili mawazo. Nimeangalia ukutani sikioni, umekihamishia wapi?"

Dufie akainama kuvua viatu.

"We mtoto. Kigoda kiko wapi?"

"Shule."

"Shule kinafanya nini, kinasoma?"

Ikabidi aseme. Alisema jikoni, amesimama karibu na kinu, macho chini. Konadu alisikiliza mpaka neno yai, halafu akakaa juu ya gunia la mihogo bila kuangalia anakaa wapi.

"Masizi na nini?"

"Na yai, Mama."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Mwalimu wetu."

"Mwalimu au mganga? Mtu wa wapi huyo?"

"Wa Keta."

"Ndiyo maana!" Konadu akapiga paja, kisha akakumbuka kushusha sauti. "Sikiliza. Mtu aliyetoka hospitali juzi, roho yake bado imeshika kitasa cha mlango. Akikiona kigoda chake cheusi, yeye bado anapumua, atafanya nini? Atasema ameshaitwa. Ataachia. Halafu wewe na mimi tutakuwa tumemzika kwa mikono yetu. Humwambii. Umenielewa? Asubuhi nitakwenda kwa jirani Nsiah kuazima cha kwake, kinafanana. Hataona tofauti."

Akafuta uso, akavaa tabasamu, akaingia chumbani. Dufie akamsikia kupitia pazia.

"Mama, kigoda nimekipeleka kwa fundi. Mguu ulikuwa umelegea."

"Mguu umelegea," Nana Sarpomaa akarudia. "Kigoda changu kimechongwa gogo moja, Konadu. Hakina kiungo hata kimoja. Huo mguu umelegea kutoka wapi?"

Kitanda kikalia. Nana alikuwa amegeukia ukuta tena, na jioni ile hakula hata kijiko kimoja. Dufie alikaa uani akijisikia mchafu hadi ndani ya mifupa. Kilichomuuma zaidi ya lile doa ni kwamba bibi yake alikuwa ametaka kuinuka, siku moja tu katika siku zote, na wao ndio waliomrudisha kitandani.

Asubuhi Konadu aliondoka mapema kwenda kwa Nsiah. Dufie akaenda shule kama mtu anayepelekwa mahakamani. Kipindi cha sanaa kilikuwa cha kwanza, na vitu vilikuwa palepale mezani. Mwalimu alikuwa amekifunika kigoda kwa ile kente, kwa heshima, kama alivyodhani inafaa, na kwa kufanya hivyo akakifanya kifanane na jeneza hasa. Hakuna aliyechora.

Ndipo waliposikia mwavuli unagonga sakafu ya veranda. Ko. Kimya. Ko. Mtu anapumzika kila baada ya hatua.

Nana Sarpomaa akajaa mlangoni. Alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri cha kanisani, amekifunga mwenyewe bila msaada, upande mmoja umeshuka. Alikuwa anahema. Darasa zima liliinuka kwa mkupuo.

"Nimekuja kuona kigoda changu kiko darasa la ngapi," alisema.

Dufie akamkimbilia. "Nana, umekujaje? Nani amekuleta?"

"Nimejileta. Nyinyi mnanong'ona jikoni kwenu kama watu wanaopiga ngoma. Mnadhani moyo ukichoka na masikio yanachoka?" Akamgeukia Mwalimu. "Na wewe ndiye mtu wa Keta."

"Ndiye mimi, Nana." Mwalimu Agbeko aliinama mpaka kalamu ikamdondoka mfukoni. "Nana, kosa ni langu. Mtoto hana kosa. Mimi sikujua."

"Ungejuaje? Nyinyi mnajua samaki. Kiko wapi?"

Nana akafuata macho ya watoto, na macho yote yalikuwa yanakwepa mahali pamoja. Akafika mezani, akashika ncha ya kente.

"Nana, usitazame," Dufie akasema, na sauti ikamkatika. "Nisamehe. Sikukusudia. Mimi sikuombei hivyo, haki ya Mungu sikuombei."

Kente ikaanguka.

Nana Sarpomaa alikitazama kigoda chake. Akapitisha kidole kwenye mkunjo. Akakileta kidole puani.

"Yai," akasema. Akanusa tena. "Na masizi ya taa. Mmepatia kabisa. Wajomba zako walipofanya cha marehemu dada yangu, walipaka mara tatu na hakikung'aa hivi."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Dufie akaruka kumshika, akidhani ni moyo, akidhani ndio mwisho, alioutaka Mungu na alioufanya yeye. Lakini bibi yake alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, halafu akakohoa, akashika meza, akacheka tena, machozi yakimtiririka kwenye mashavu yaliyokonda.

"Konadu alisema mguu umelegea!" akapaza sauti. "Mguu!"

"Nana, huogopi?" Dufie aliuliza.

Kicheko kikaisha. Nana akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, akamtazama mjukuu wake kama amtazamavyo mtu aliyekuwa safarini.

"Naogopa sana," akasema. "Unadhani nimegeukia ukuta kwa sababu ukuta ni mzuri? Naogopa tangu siku waliyonilaza. Lakini nyumba nzima mmenifungia mdomo. Nikisema neno la kifo, mama yako anakimbilia jikoni. Akija mgeni, mnamwonya mlangoni asitaje msiba. Matangazo ya mazishi mnayaficha chini ya godoro langu, nayalalia mimi! Mifupa yangu inayahesabu. Basi nikawa naogopa peke yangu, kule ukutani, kama mtoto aliyefungiwa chumbani." Akakigonga kigoda kwa vidole. "Na sasa limemwagika. Kila mtu ameliona. Hakuna wa kuninong'onea tena. Ah, afadhali. Afadhali, mjukuu wangu."

Dufie alilia. Hakuona haya hata mbele ya darasa. Ule mzigo aliokuwa ameubeba tangu jana, na ule mwingine wa majuma mengi ambao hata jina hakuupa, ilimtoka yote kwa pamoja, akabaki mwepesi mpaka akaogopa ataanguka. "Na mimi naogopa, Nana," akasema katikati ya machozi.

"Najua. Ndiyo maana ulikuwa unasugua kigoda hadi karibu kiishe. Nakusikia kila Jumamosi." Nana akamvuta, akamfuta pua kwa kitambaa chake cha kanisani. "Basi tutaogopa wote wawili, hata zamu tutapeana. Sasa nishushieni kitu changu."

Mwalimu na Dufie wakakishusha kutoka mezani, wakakiweka sakafuni katikati ya darasa. Nana akakunja nguo.

"Nana, hapana," Pokuaa alisema kwa hofu. "Cheusi hakikaliwi."

"Cha nani hakikaliwi?"

"Cha... cha waliotangulia."

"Na mimi nimetangulia wapi? Nimekuja nyuma yenu, nahema." Akamshika Dufie bega, akajishusha polepole, akaning'inia kidogo hewani mpaka wote wakashika roho zao, kisha akakaa. Akakaa hasa, akasogeza matako kulia na kushoto mpaka mkunjo ukampokea. "Kimekaliwa," akatangaza. "Mwenye neno na aseme sasa. Hiki ni kigoda cha mtu mzima anayedai uji. Kimebadilika rangi tu, kama mimi."

Darasa likalipuka. Walipiga makofi, walipiga meza, Mwalimu Agbeko alikaa kwenye kiti chake akashusha pumzi ndefu, akajipepea kwa karatasi ya mahudhurio. Dufie alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, hajui aache kipi.

"Hebu nione hiyo picha iliyoniletea balaa," Nana akasema.

Dufie akamletea ubao wenye mchoro wake. Nana akauweka mbali, akausogeza karibu, akaunusa pia, maana alishaona kwamba darasa hili mambo yake hunuswa.

"Asanka sawa. Ukuta sawa, ila mnabandika magazeti kama watu wasio na pesa ya chokaa. Kigoda..." Akafuata mstari wa mkunjo kwa kidole bila kuugusa. "Kigoda ndicho. Umekipata. Lakini mbona kinaelea?"

"Sijachora kivuli, Nana. Ndicho nilichokuwa nakitafuta."

"Basi kichore. Wino si upo, au niwavunjie yai jingine?"

Walikuwa bado wanacheka Konadu alipotokea mlangoni, kigoda cheupe cha kuazima kichwani, jasho linamtiririka. Alikuwa amefika nyumbani akakuta kitanda kitupu, na mbio alizokimbia kutoka pale hadi hapa mtaa mzima ulizieleza baadaye. Alimwona mama yake. Akaona alichokalia.

"Konadu," Nana akasema kwa upole, "fundi amemaliza?"

"Mama..."

"Hicho ni cha Nsiah. Nakijua. Yule ana makalio ya kutosha watu wawili, mimi ningepotea humo ndani. Kirudishe. Na ukifika nyumbani, toa yale matangazo chini ya godoro, unisomee. Nataka kujua nani amekufa wakati mimi sipo."

Konadu alikishusha kigoda cha kuazima, akakikalia palepale mlangoni, akajifunika uso kwa mikono. Alipoiondoa, alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza bila kujilazimisha, na alionekana mdogo kuliko jana.

Mwalimu Agbeko akatazama saa. Kipindi kilikuwa kinayoyoma, vitu havijapangwa, mtihani hausubiri mtu. Akasogea, mikono nyuma, akainama tena.

"Nana, samahani sana. Watoto inabidi waendelee kuchora, na kigoda ndicho kiko katikati ya picha."

"Wachore. Nimewakataza?"

"Ni kwamba, Nana, wewe umekikalia. Na huu ni mchoro wa vitu tuli. Masharti ya mtihani hayaruhusu mtu. Vinachorwa vitu visivyo na uhai tu."

"Visivyo na uhai tu?"

"Ndiyo, Nana."

Nana Sarpomaa aliyatazama yale mabilinganya yaliyoanza kusinyaa, akaitazama chupa ya mafuta, akamtazama mjukuu wake aliyeshika brashi.

"Basi mimi bado sijafuzu," akasema, na akajiweka vizuri zaidi kwenye kigoda chake.